Mita moja juu ya mchanga

Ndagala wa Rumonge, mji wa Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, huanza kushuka bei kabla jua halijapanda. Mitumbwi huingia alfajiri na samaki waliovuliwa usiku kucha, wembamba, warefu kiasi cha kidole, na kwa joto la ufuo huu saa chache zinatosha kuwaharibu. Bujumbura iko kaskazini, mwendo wa kilomita sabini na kitu kwa Barabara ya Taifa namba 3. Bururi na Gitega ziko huko juu milimani. Nani atakula ndagala hao leo, na kwa bei gani, huamuliwa mwaloni asubuhi hiyo hiyo, wanunuzi wakiwa wamesimama juu ya mabeseni na kila mmoja akijua kwamba muuzaji hana muda.

Safari hiyo yote, kutoka wavuni hadi sahanini, ndiyo wataalamu wanayoiita mnyororo wa ugavi. Ukisoma habari za teknolojia inavyoubadilisha mnyororo huo duniani, utakutana na roboti zinazopanga bidhaa maghalani, vihisi vinavyopima baridi ndani ya makontena, na programu zinazokisia wiki ijayo watu watanunua nini. Yote hayo ni kweli. Lakini kwenye ufuo wa Burundi, kifaa kilichobadilisha mambo kuliko vyote kimetengenezwa kwa nguzo, misumari na wavu wa waya. Ni chanja ya kuanikia samaki.

Zamani ndagala walimwagwa mchangani wakaachwa kwa jua. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilipoanza mradi wake na wakazi wa ufuo huu mwaka 2004, lilikuta takriban asilimia 15 ya samaki waliokuwa wakianikwa chini wakipotea au kuharibika. Wengine waliliwa na ndege na mbwa, wengine walilowa kwa mvua ya ghafla, wengine walioza kabla ya kukauka. Mradi uliwafundisha watu kujenga chanja zilizoinuliwa mita moja kutoka ardhini. Muda wa kukausha ukashuka kutoka siku tatu hadi saa nane hivi.

Mita moja inawezaje kufanya kazi hiyo, na jua ni lile lile? Siri iko kwenye hewa. Samaki hukauka pale maji yaliyo mwilini mwake yanapogeuka mvuke na mvuke huo ukaondoka. Usipoondoka, unatanda juu ya ngozi kama blanketi na ukaushaji unasimama. Samaki aliyelala mchangani amezibwa upande wa chini, na hata upande wa juu haupati upepo wa maana, kwa sababu upepo unaotambaa ardhini hupunguzwa kasi na kila jiwe na kila jani unalokutana nalo. Panda mita moja, kasi inaongezeka. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, hewa yake huinuka, na upepo wa ziwani huingia kujaza nafasi. Wavu wa waya unauruhusu upite juu na chini ya samaki kwa pamoja.

Na ndagala ameumbwa kwa kazi hii. Mwili wake ni mdogo, kwa hiyo ngozi ni nyingi ukilinganisha na nyama iliyo ndani, na maji hayana safari ndefu ya kutoka katikati hadi nje. Mukeke, yule ambaye Kigoma wanamwita mgebuka, ni mnene. Huyo lazima apasuliwe, atiwe chumvi au apelekwe kwenye moshi. Bakteria na ukungu wanahitaji maji huru ili waongezeke. Ukiyaondoa hayo, samaki anakaa hata bila barafu. Wanawake wanaoanika hawana kipimo cha unyevu: wanamchukua ndagala mmoja, wanamvunja. Akikunjika, anarudi juani. Akikatika kwa mlio, yuko tayari kwa gunia.

Sasa tazama hesabu ya mzigo. Samaki mbichi ni maji kwa karibu robo tatu ya uzito wake. Mkaushe hadi unyevu wa asilimia 15, na kilo moja inabaki gramu 300 hivi, chakula chote kikiwa bado ndani. Gari lililokuwa likibeba tani moja ya samaki wabichi, pamoja na barafu na wasiwasi, sasa linabeba chakula cha tani tatu na zaidi, na likiharibikia mlimani hakuna kinachooza. Katika nchi ambayo tangu mwaka 2021 imekuwa ikikumbwa na uhaba wa mafuta wa mara kwa mara, madereva wakilala kwenye foleni za vituo, hilo si jambo dogo.

FAO iliripoti kwamba bei ya kilo ya ndagala wakavu ilipanda kutoka faranga 4,000 mwaka 2004 hadi 9,000 mwaka 2013, na kwamba watu wanaofanya kazi ya kukausha waliongezeka kutoka 500 hadi 2,000. Takwimu ya bei nisingeichukua jinsi ilivyo, maana faranga nayo ilishuka thamani katika miaka hiyo. Ile ya watu ndiyo inayonishawishi zaidi. Watu hawamiminiki kwenye kazi isiyolipa.

Simu je? Kila anayeandika juu ya samaki na teknolojia hufika Kerala, kusini mwa India. Mchumi Robert Jensen alifuatilia wavuvi wa huko wakati mitandao ya simu ilipokuwa ikifunguliwa mji kwa mji, kati ya mwaka 1997 na 2001. Kabla ya simu, kulikuwa na fuo zilizofurika samaki wakatupwa, wakati kwenye soko la jirani wanunuzi walirudi na vikapu vitupu; asilimia 5 hadi 8 ya samaki iliishia kutupwa. Wavuvi walipoanza kupiga simu wakiwa baharini na kuuliza bei, utupaji ulikwisha, faida yao ikapanda asilimia 8, na mlaji akalipa asilimia 4 pungufu.

Utafiti huo ni wa kweli na ni mzuri, ila hunukuliwa kwa haraka mno. Wavuvi wa Kerala walikuwa na mashua za injini, mafuta, na masoko kadhaa ya kuchagua kando ya pwani moja. Mwenye beseni la ndagala wabichi Rumonge, saa tatu asubuhi, akiambiwa kwa simu kwamba Gitega bei ni nzuri, ataifanyia nini habari hiyo? Lakini mwenye gunia la ndagala wakavu anaweza kusubiri. Anapiga simu Gitega, anapiga Bujumbura, analinganisha, anatuma mzigo kwa gari la abiria, na pesa zinamrudia kwa simu, kwenye Lumicash, kabla gari halijarudi. Simu ilianza kumlipa siku alipopata nafasi ya kukataa bei. Nafasi hiyo aliipata kwenye chanja.

Sheria hiyo, kwamba asiyeweza kusubiri hachagui bei, inatawala pia zao jingine kubwa la Rumonge, michikichi. Mkungu wa mchikichi ukishakatwa na matunda kuchubuka, vimeng'enya vilivyo ndani yake huanza kuyavunja mafuta, na ndani ya siku moja au mbili ubora unashuka. Ndiyo maana vinu vidogo vya kukamulia vimetawanyika karibu na mashamba badala ya kukusanywa mahali pamoja. Mafuta yakishaingia kwenye pipa, haraka imekwisha.

Kuna teknolojia iliyokwenda upande wa pili: taa. Ndagala huvuliwa gizani kwa sababu vijidudu wanavyokula hupanda juu usiku, nao huvifuata, na mwanga huwakusanya juu ya wavu. Kwa miongo mingi kazi hiyo ilifanywa na karabai za mafuta ya taa. Taa za LED na betri zinazochajiwa kwa sola zimeondoa gharama ya mafuta hayo, na mvuvi hana sababu ya kuzilalamikia. Ila hazimwongezei samaki hata dakika moja ya kukaa bila kuoza. Zinachofanya ni kurahisisha uvuvi katika ziwa ambalo tayari limechoka. Mwaka 2003 mwanasayansi Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha katika jarida la Nature kwamba joto la maji ya juu limeongezeka kiasi kwamba hayachanganyiki vizuri na ya chini, kule kwenye virutubisho. Uzalishaji wa mimea midogo sana inayoelea majini, ambayo ndiyo chanzo cha chakula cha ziwa zima, ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, upungufu ambao kwa makadirio yao ungepunguza samaki kwa asilimia 30.

Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zinazokutana katika Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura, zimekubaliana kulipumzisha ziwa kwa miezi mitatu kila mwaka, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Tanzania ilifunga upande wake kwa mara ya kwanza mwaka 2024. Kwa samaki ni uamuzi wa busara. Kwa mnyororo wa ugavi ni mtihani, kwa sababu miezi hiyo ndiyo kiangazi, wakati hewa ni kavu na chanja inafanya kazi vizuri kuliko wakati wowote. Samaki wa kujaza pengo itabidi wakaushwe katika miezi ya mvua, mawingu yakiwa yametanda na hewa imejaa unyevu. Chanja tupu haitatosha. Patahitajika mahema ya plastiki ya kukaushia kwa jua, yanayozuia mvua na kupasha hewa joto.

Halafu lipo suala la ghala, ambalo nalo ni suala la fedha. Mwanamke anayeanika leo huuza wiki hii kwa sababu anadaiwa karo na mchele. Anayeweza kukaa na magunia mia hadi Julai ni mfanyabiashara mwenye mtaji, na faida ya kufungwa kwa ziwa itakwenda kwake. Tanzania ina sheria ya stakabadhi ghalani tangu mwaka 2005: mkulima wa korosho anaweka mzigo ghalani, anapewa hati, na hati hiyo inaweza kuwa dhamana ya mkopo wakati anasubiri bei. Ndagala wakavu wangeweza kuingia kwenye mpango wa namna hiyo, kwa sharti kwamba gunia linalopokelewa Aprili liwe bado chakula mwezi Julai. Benki haitakubali kipimo cha kumvunja samaki na kusikiliza mlio. Inataka namba ya unyevu iliyoandikwa kwenye hati, na kipima unyevu cha mkononi, kama kile kinachotumiwa na wanunuzi wa mahindi na kahawa, kingeweza kuitoa.