Maji ya Rejeta Katika Gari Kuukuu

Katika nchi za baridi maji ya rejeta huchanganywa na glaikoli ili yasigande. Huko Sola, mkoani Simiyu, hakuna barafu. Kwa hiyo wenye magari makuukuu huona maji ya kisima yanatosha. Hayatoshi. Kwenye mwinuko wa mita 1,300 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 96 tu za Selsiasi, na chokaa iliyomo huacha ukoko kama wa birika.

Hatari kubwa zaidi haionekani. Chuma, shaba na alumini vikikutana katika maji yaliyogeuka asidi huwa kama betri, na metali huliwa. Dawa ya kuzuia kutu iliyomo katika mchanganyiko huisha baada ya miaka michache, hata rangi ikibaki nzuri. Voltimita ya maabara ya shule hulidhihirisha jambo hili. Injini ikiwa imepoa kabisa (kifuniko hakifunguliwi kikiwa cha moto), waya hasi huunganishwa na ncha hasi ya betri ya gari, na waya chanya hutumbukizwa katika maji ya rejeta bila kugusa metali. Ikionyesha zaidi ya volti 0.4 hivi, maji hubadilishwa. Yale ya zamani hukingwa chomboni, kwani glaikoli ni tamu, nayo ni sumu kwa watoto na mifugo.