Istilahi za Kemia: Kikaboni na Isokaboni

Baadhi ya wafasiri huziita kampaundi za kikaboni "michanganyiko ya viumbe hai". Jina hilo lina makosa mawili, nayo hudhihirika maabarani.

Kwanza, mchanganyiko si kampaundi. Chumvi iliyochanganywa na mchanga hutenganishwa kwa maji na chujio. Kampaundi haitenganishwi ila kwa badiliko la kikemia.

Pili, uhai si kipimo. Tuchukue unga wa muhogo kutoka shamba la Kibaha, na kaolini, yaani udongo mweupe wa vilima vya Pugu, Kisarawe. Vikipashwa moto mkali, unga huwa mweusi na kuacha makaa, kwa kuwa wanga una kaboni; kaolini hupoteza maji tu, haiungui. Hapo mwanafunzi aweza kudhani kwamba tofauti ni uhai. Lakini mwaka 1828 Friedrich Wöhler alitengeneza yurea, iliyomo katika mkojo, kutokana na chumvi zilizohesabiwa kuwa za madini. Kwa upande mwingine, kombe la pwani hujengwa na kiumbe hai, na kalsiamu kaboneti yake ina kaboni. Hata hivyo haiachi makaa, nayo huhesabiwa kuwa isokaboni.

Kwa hiyo twapendekeza "kampaundi za kikaboni" na "kampaundi isokaboni", tukitahadharisha kwamba "isokaboni" haimaanishi "isiyo na kaboni kabisa". Mfasiri hana budi kuweka fasili kando ya istilahi inapotajwa mara ya kwanza. Asipofanya hivyo, mwanafunzi ataliweka kombe mahali pasipo pake, na kosa litakuwa letu, si lake.