Pijo la zamani lafufuliwa uani, spea zake zavuka mpaka

Magari mengi ya zamani Afrika Mashariki hayakufa kwa injini. Yaliliwa na kutu. Peugeot 404 na 504 zilizobeba abiria na mizigo kwa miaka mingi sasa zimeegeshwa chini ya miembe, kuku wakitaga kwenye viti vya nyuma. Wapo wanaozifufua nyumbani kwao, na spea wanazotafuta mara nyingi ziko upande wa pili wa mpaka.

Magari haya ni historia ya ukanda mzima. Mbio za East African Safari zilianza mwaka 1953 na zilivuka mipaka ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania. Nayo 504 ilishinda 1975 na 1978.

Fundi mzoefu haanzi na rangi. Hutembeza bisibisi kwenye sakafu, chini ya milango, ndani ya madigadi, chini ya betri na pembeni mwa kioo cha mbele, mahali maji yanapotuama. Bisibisi ikizama, bati hilo limekwisha. Hukatwa mpaka penye uzima, kisha huchomelewa jingine. Kabla ya hapo betri na tangi la mafuta hutolewa garini, kwa kuwa hata tangi tupu hubaki na mvuke unaoweza kulipuka.

Kutu ya juujuu husuguliwa kwa brashi ya waya au grinda, na rangi ya kuzuia kutu hupakwa siku hiyohiyo. Pwani, unyevu wa usiku mmoja huirudisha.

Puti ni ya kulainisha, si ya kuziba matundu. Gari lililojazwa puti hung'aa siku ya kuuzwa, kisha hupasuka mvua zikianza. Mnunuzi mjanja hubeba sumaku: isiponata kwenye bodi ya chuma, chini yake kuna puti.

Kwa mfanyabiashara, hesabu iko kwenye spea zinazopatikana Kirinyaga Road jijini Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, Kisekka ya Kampala au Gerezani ya Dar es Salaam. Wengine hudhani mzigo usiozidi dola 2,000 hupita bila ushuru kwa cheti rahisi cha uasili. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Taa iliyotengenezwa Ufaransa haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa sababu imenunuliwa Kisekka. Asiyejua hilo hukutana na ushuru mpakani akiwa ameshakubaliana bei na mteja, na faida huishia hapo.

Gari zima ni kazi nyingine. Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika yenye zaidi ya miaka 8, na Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Kwa hiyo soko la kwanza la Pijo lililofufuliwa ni nchi lilikosajiliwa.

Hata huko, namba ya chesisi ndiyo roho ya biashara. Fundi akiikata pamoja na bati bovu, au isipolingana na logibuku au kadi ya gari, mwenye gari hubaki na chuma kinachong'aa asichoweza kukiuza kihalali.