Mkate wa kujazia kuku wa Idd

Kuku aliyejazwa mkate hupamba sinia ya Idd, lakini ule mkate wa tumboni ndio wa kuangaliwa zaidi. Kuchinjwa kisharia humfanya kuku awe halali. Vijidudu vya salmonela huuliwa na moto. Mkate hunyonya maji ya kuku mbichi, na kwa kuwa uko katikati, moto huufikia mwisho. Utaona ngozi imekuwa nyekundu ya kupendeza, kumbe ndani ni vuguvugu! Matokeo yake ni kuharisha, kutapika na homa, na watoto wadogo na wazee ndio huumia zaidi.

Kwa hiyo mimi nashauri mkate uuoke peke yake. Chambua mkate wa jana vipande vidogo. Kaanga kitunguu maji na saumu kwa samli, tia maini ya kuku yaliyoiva, pilipili manga, na zabibu kavu (nasi Dodoma ndio wenye zabibu). Changanya na mayai mawili, weka kwenye sufuria iliyopakwa samli, funika, upalie makaa juu mpaka mayai yashike kabisa. Wakati wa kupakua ndipo umjaze kuku.

Anayetaka kujaza kabla ya kupika ajaze saa ile ile, si usiku wa kuamkia Idd, wala asishindilie. Katikati ya mkate pafike nyuzi 74. Utakaobaki utolewe tumboni, usikae nje zaidi ya saa mbili.