Gbadolite–Isiro: kilomita 750 angani, karibu 2,700 kwa anayepitia Kinshasa

Gbadolite, mji mkuu wa jimbo la Nord-Ubangi, na Isiro, mji mkuu wa Haut-Uele, ni miji miwili ya kaskazini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Kati ya viwanja vyao vya ndege kuna karibu kilomita 750 ukipima kwa mstari ulionyooka. Ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 320 kwa saa inahitaji saa mbili na dakika ishirini hivi. Ndege kubwa inaweza kufika kwa saa moja na robo.

Hesabu hiyo ni ya ndege inayoenda moja kwa moja. Msafiri asiyeipata na kulazimika kupitia Kinshasa anakwenda kwanza kilomita 1,135 kuelekea kusini-magharibi, kisha anarudi kilomita 1,570 hadi Isiro. Jumla ni karibu kilomita 2,700, zaidi ya mara tatu ya njia fupi. Bado hajahesabu tikiti ya pili na siku za kungoja.

Kuna pia jambo la saa. Gbadolite inafuata saa ya Kinshasa, Isiro inafuata saa ya mashariki kama Goma na Bukavu. Anayeondoka Gbadolite saa mbili ya asubuhi kwa ndege ndogo atakuta Isiro ni saa tano na dakika ishirini.

Uwanja mkubwa peke yake hauleti ndege. Gbadolite ina njia ya kurukia ya mita 3,200 hivi, iliyojengwa wakati wa Mobutu, na Concorde ilikuwa ikitua pale. Lakini ndege inataka abiria, mizigo na mafuta ya kurudia.

Chini ya njia hiyo ya angani kuna jimbo la Bas-Uele, na hapo umbali unakuwa suala la uhai. Mwezi wa tano 2017, Ebola ilitangazwa Likati, eneo la afya lililo karibu na mstari huo wa Gbadolite–Isiro. Wahudumu wa afya walitumia helikopta na pikipiki kufikia vijiji, kwa sababu ya ubovu wa barabara. Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 2 mwezi wa saba, baada ya watu wanane kuhesabiwa kuwa wagonjwa na wanne kati yao kufariki.

Kwa mkaaji wa kaskazini, basi, kilomita za kwenye ramani hazitoshi. Kabla ya kulipa tikiti, aulize ndege inapitia wapi, inarudi siku gani, na saa iliyoandikwa ni ya upande upi. Na kwa wenye kupanga bajeti ya nchi, swali ni moja: mgonjwa wa Bondo au Likati afikiwe kwa muda gani?