Farasi 105 za Peugeot 205 GTI, na IST zetu za Mwandoya

Toyota IST yenye injini ya 1.5, gari ambalo hata mtoto wa shule hapa Mwandoya, wilayani Meatu, analijua, ina nguvu ya farasi 109. Peugeot 205 GTI ya kwanza, iliyoingia sokoni mwaka 1984, ilikuwa na farasi 105. Kwa hesabu hiyo IST imeizidi. Lakini huko Ulaya, wapenzi wa magari wakianza kubishana ni gari gani dogo lililowahi kuwa tamu kuliko yote, jina la 205 GTI halikosi kutajwa, na iliyotunzwa vizuri huuzwa leo kwa bei ya gari jipya la dukani. Kama si farasi, basi ni nini?

Jibu la kwanza ni uzito. GTI ile ya 1.6 haikufika kilo 900, wakati IST inakaribia au kupita tani moja. Ilikuwa na gia tano za mkono na usukani usiosaidiwa na mashine yoyote, hivyo kila jiwe ambalo tairi ililigusa, dereva alilisikia kwenye viganja. Bampa zilizungukwa na mstari mwekundu, ndani kukawa na zulia jekundu, na hapo mbwembwe zikaishia. Mwishoni mwa 1986 ikaja ya 1.9 yenye farasi 130, rimu za inchi 15 na breki za diski nyuma. Wengi huikimbilia hiyo. Mimi naona ile ndogo ndiyo iliyokamilika, kwa sababu haikumpa dereva nguvu ya kufichia uzembe wake.

Chini ya bodi ndiko kwenye utamu wenyewe. Nyuma hakuna springi zilizosimama kama ulivyozoea kuziona. Kuna vyuma vya kujisokota vilivyolazwa, na shokapu zimelala karibu sawa na sakafu, kiasi kwamba buti ni pana na tupu, unaweza kupakia mizigo ya familia bila kubanwa na chochote. Mpangilio huo huo ndio uliolipa gari tabia yake maarufu. Ukiingia kwenye kona kwa kasi kisha ukaogopa na kuachia mafuta ghafla, uzito wote hukimbilia mbele, tairi za nyuma zinakuwa nyepesi, na mkia unatoka. Aliyejua alitumia tabia hiyo kulizungusha gari kwenye kona. Asiyejua alijikuta mtaroni.

Ikumbukwe pia gari hili lilizaliwa nyumba ikiwa na njaa. Mwaka 1978 Peugeot ilinunua matawi ya Chrysler ya Ulaya, na mzigo huo nusura uizamishe kampuni. 205, iliyozinduliwa mapema mwaka 1983, ndiyo iliyoinyanyua. Hadi uzalishaji unafungwa mwaka 1998, zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni tano.

Sisi wa huku tuliwajua Peugeot mapema zaidi, na kwa sababu nzuri. Kampuni hiyo ilikuwa ikitengeneza shokapu zake yenyewe, na magari yake yalikuwa na miguu mirefu na laini, yanameza shimo badala ya kulipiga. Mashindano ya magari ya Safari yalipokuwa bado yakipita Kenya, Uganda na Tanzania wakati wa Pasaka, mvua zikiwa zimeshaanza, Peugeot 404 ndiyo iliyotamba. Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda nayo mwaka 1963, magari 84 yakianza na 7 tu kufika. Wakarudia 1968, safari hii yakianza 93 na kufika 7 vilevile. Kati ya ushindi huo wa mara mbili yupo mtu ambaye Watanzania tumemsahau mapema mno: Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi nchini mwetu, ambaye pamoja na Chris Rothwell alishinda 1966 na 1967 mfululizo. Injini ya 404 yake haikufika hata sentimita za ujazo 1,700.

Kisha angalia kilichotokea 205 ilipokuja yenyewe. Toleo la mashindano, Turbo 16, lilikuwa na injini katikati na nguvu kwenye tairi zote nne. Lilitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1985 na 1986, na Ari Vatanen akashinda nalo Paris-Dakar mwaka 1987. Lakini Safari, iliyokuwa sasa ikifanyika Kenya peke yake, ililishinda katika miaka yote miwili ya ubingwa huo. Ushindi ulikwenda kwa Toyota Celica, gari lisilo na makuu, linalosukumwa na tairi za nyuma tu.

Barabara ya Mwandoya ingewaeleza mapema wahandisi wa Turbo 16. Meatu ni nchi ya pamba na udongo mweusi wa mbuga. Kiangazi unapasuka na kuwa mgumu kama saruji, masika unanata hadi tairi inageuka donge. Kwenye njia ya namna hiyo gari jepesi lenye mguu unaofanya kazi hupita mahali ambapo lenye nguvu nyingi limekwama, linachimba kaburi lake.

Ndiyo maana inaniuma nikiona kijana amejinyima msimu mzima wa pamba, akanunua IST, kisha kitu cha kwanza anachofanya ni kukata springi ikae chini na kuvisha rimu kubwa zenye tairi nyembamba kama mkanda. Ameondoa kile kidogo ambacho gari lake lilikuwa nacho cha kufanana na 205. Pesa hiyo hiyo ingetosha kuanza na shokapu nzuri na bushi mpya za mikono ya mbele, na tairi za kimo chake. Fundi mzuri wa kijiweni hahitaji kompyuta kumwonyesha hilo. Atasimama nyuma ya gari, atakandamiza kona ya buti kwa mikono miwili na kuachia. Likipanda mara moja na kutulia, shokapu ni nzima. Likiendelea kucheza juu na chini, shokapu zimekufa, na farasi zote 109 zinaishia kurusha vumbi.