Bastola ya .22 Inapokwama: Chunguza Risasi Kabla ya Kumlipa Fundi

Bastola ya kulengea shabaha yenye kipenyo cha .22 ni silaha nyepesi, haina kishindo kikubwa na risasi zake ni za bei nafuu kuliko za bastola kubwa. Ina kasoro moja ambayo kila mmiliki huifahamu mapema: hukwama. Risasi tatu zinatoka vizuri, ya nne inasimama kichwa juu mlangoni mwa chemba, au ganda tupu linabanwa na bolti likiwa nusu ndani, nusu nje. Wengi hufunga safari hadi kwa fundi. Naye fundi aliyeletewa silaha huona haya kuirudisha bila kuigusa, kwa hiyo atapiga msasa mahali pa kupandia risasi, atafupisha springi, kisha atadai ujira wake. Mmiliki akirudi uwanjani, bastola inakwama vilevile, na safari hii chuma kimeshapunguzwa na hakirudi.

Mara nyingi kosa halimo ndani ya chuma. Limo katika boksi la risasi, katika magazini au katika uchafu, na yote matatu mmiliki anaweza kuyachunguza bila kulegeza skrubu hata moja.

Bastola za aina hii si silaha ya kawaida katika Wilaya ya Wanging'ombe. Mwenye leseni katika maeneo yetu huifahamu zaidi shotgani ya kulindia shamba. Hata hivyo, bunduki ndefu za .22 zinazojipakia zenyewe hutumia risasi hiyohiyo na hukwama kwa sababu hizohizo, hivyo wenye bunduki hizo nao wasome. Yote yanayofuata yanamhusu mtu mwenye leseni iliyotolewa kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, anayefyatua silaha yake katika uwanja ulioruhusiwa.

Kwanza, sekunde thelathini

Kabla ya kuuliza kwa nini imekwama, mmiliki ajue afanye nini wakati imekwama. Hatari kubwa haimo katika bastola inayolia. Imo katika ile iliyogoma, kwa sababu mwenye nayo huigeuza aitazame, na mtutu huzunguka pamoja na macho yake.

Ukivuta kifyatulio na usisikie mlio, acha mtutu ulipo, ukielekea shabaha. Toa kidole. Hesabu polepole hadi thelathini, kwa maana baruti huweza kuchelewa kuwaka. Kisha toa magazini, fungua bolti, itoe risasi iliyogoma na uitenge. Usiirudishe mfukoni kati ya risasi nzima, usiitupe jalalani wala motoni. Mkabidhi msimamizi wa uwanja, na kama hayupo, uliza kituo cha polisi namna ya kuikabidhi. Katika mashindano ya kimataifa ya bastola ya mita 25, mpiga shabaha ambaye silaha yake imegoma huiacha ikielekea shabaha na kuinua mkono wake mtupu hadi mwamuzi afike. Hakuna aibu kwa anayelenga Wanging'ombe kufanya kama wanavyofanya wa Olimpiki.

Ipo hali moja mbaya zaidi. Ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, simama kabisa. Yawezekana kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na risasi itakayofuata itaupasua. Silaha hiyo isifyatuliwe tena mpaka mtutu uhakikishwe kuwa wazi.

Risasi yenyewe ilivyo

Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa kitu kizima kinachopakiwa na kwa madini mazito ya kijivu. Hapa tutaita kichwa ile sehemu inayoruka, na ganda ile inayobaki.

Risasi za bastola kubwa huwa na fataki katikati ya kitako cha ganda. Risasi ya .22 haina. Kemikali yake ya kuwashia imetandazwa ndani ya ukingo unaokizunguka kitako, na pini ya silaha huugonga ukingo huo na kuuponda. Wazo hili lilitokana na Mfaransa Louis-Nicolas Flobert mwaka 1845. Risasi inayotumika leo katika bastola za shabaha, iitwayo .22 Long Rifle, ilitolewa na kampuni ya Stevens ya Marekani mwaka 1887, na umbo lake halijabadilika sana tangu hapo.

Umbo hilo la kale ndilo chanzo cha taabu nyingi. Ukingo uliojitokeza hunasana na ukingo wa risasi jirani ndani ya magazini. Kemikali isipofika pande zote za ukingo, pini hugonga mahali patupu na risasi hugoma, jambo linalotokea mara nyingi zaidi kuliko kwa risasi zenye fataki katikati. Na kichwa cha madini laini kimepakwa nta kwa nje, ambayo hukusanya vumbi kama karanga iliyomwagika sakafuni.

Lakini lililo muhimu kuliko yote ni hili. Katika bastola nyingi za .22 bolti haina kufuli. Hurudishwa nyuma na msukumo wa ganda lenyewe, ikishindana na springi, na katika safari hiyo moja hulitupa ganda tupu na kuichukua risasi mpya. Risasi, basi, ni sehemu ya mtambo. Ikiwa dhaifu, bolti hairudi vya kutosha: ganda hubanwa dirishani, au bolti hurudi mbele bila kuchukua risasi. Ikiwa na nguvu kupita kiasi, bolti hukimbia kabla springi ya magazini haijaiinua risasi inayofuata, nayo huipita juu au huikamata vibaya. Dalili zinafanana ingawa sababu zinapingana, ndiyo maana kukisia hakusaidii.

Kuchagua boksi

Soma kwanza kijitabu cha bastola yako. Bastola zilizoundwa kwa mashindano kwa kawaida zina springi iliyopangiwa risasi za mwendo wa kawaida: kichwa cha gramu 2.6 hivi, ambacho kwenye boksi huandikwa grain 40, kinachotoka kwa kasi ya takriban mita 320 hadi 330 kwa sekunde. Zipo risasi za kasi ya juu, karibu mita 380 kwa sekunde, na baadhi ya bastola za burudani huzihitaji ili bolti ifanye kazi. Muuzaji anayesema kwamba yenye nguvu zaidi ni bora zaidi anasema kweli kwa bunduki fulani, na uongo kwa bastola ya shabaha. Zipo pia zenye kichwa chepesi na kasi kubwa mno; hizo ziache.

Hakikisha boksi limeandikwa Long Rifle au LR. Namba .22 peke yake haitoshi. Zile za Short ni fupi na hazipandi vizuri. Zile za Magnum, au WMR, ni ndefu na nene zaidi, na ni za silaha nyingine kabisa. Chagua kichwa cha mviringo, kwani kilichotobolewa au kubapwa mbele hukwaruza njiani kuingia chembani.

Baada ya hapo hakuna kitabu kitakachokuambia bastola yako inapenda ipi. Bastola mbili za mtengenezaji mmoja huweza kutofautiana. Nunua boksi moja moja la risasi 50, la aina mbili au tatu, uzijaribu kabla ya kununua nyingi. Ukipata inayokubali, andika namba ya toleo iliyochapwa kwenye boksi na uombe toleo hilohilo safari ijayo. Risasi hununuliwa dukani kwa mfanyabiashara mwenye leseni, naye hana budi kuiona leseni yako. Kuazima kwa jirani mwenye leseni yake si mkato, ni kosa.

Baridi na vumbi

Wilaya hii ina pande mbili. Upande wa milimani, mwezi Juni na Julai, asubuhi ni ya baridi kali na ukungu. Upande wa chini, kuelekea Usangu, ni joto na vumbi. Kila upande una namna yake ya kuikwamisha bastola.

Katika baridi nta ya risasi hukaza na mafuta mazito ndani ya bolti huwa kama uji uliolala, na baruti nayo hupungua nguvu kidogo. Risasi iliyokuwa inatosha kwa shida saa sita mchana haitatosha saa moja asubuhi. Bastola ikigoma alfajiri na kutulia jua likipanda, usimtafute fundi. Punguza mafuta, tumia mepesi, na weka boksi ndani ya koti wakati unasubiri zamu yako. Usilipashe moto karibu na jiko wala mkaa kwa hali yoyote.

Penye vumbi kosa huwa kinyume: mmiliki hupaka mafuta mengi, vumbi hushika, na baada ya magazini mbili bolti inasaga kama jiwe la mtama. Tone moja pande zote mbili za njia ya bolti linatosha. Risasi zenyewe zisipakwe mafuta kamwe, kwa sababu yakipenya ndani ya ganda huiua kemikali.

Magazini hushtakiwa mara chache

Wapiga shabaha wenye uzoefu huandika namba kwenye kila magazini kwa rangi ya kucha au kalamu ya wino usiofutika. Kukwama kukimfuata namba 2 na kutomfuata namba 1, kesi imekwisha. Midomo ya magazini hupinda ikiangukia sakafu ya saruji, hata kwa kiasi ambacho jicho halioni. Usiikunje kwa koleo; nunua nyingine.

Jinsi ya kupakia nayo ina maana. Ukingo wa risasi ya juu lazima utangulie mbele kidogo ya ukingo wa iliyo chini yake. Ukikaa nyuma, bolti ikiisukuma risasi ya juu itanasa ya chini, na zote mbili zitagoma. Pakia polepole, moja moja, ukiangalia.

Kusoma risasi iliyogoma

Risasi iliyokataa kulia ni shahidi. Tazama alama ya pini ukingoni. Ikiwa ya kina, bastola imefanya kazi yake na risasi ndiyo mbovu. Ikiwa hafifu, pini imechafuka, springi yake imechoka, au bolti haikufunga hadi mwisho. Weka daftari: aina na toleo la risasi, namba ya magazini, saa, na kilichotokea. Badilisha kitu kimoja tu kila safari. Anayebadilisha risasi, magazini na mafuta kwa pamoja atapona ugonjwa asiujue, na utamrudia.

Usafi uje kabla ya majaribio yote haya. Ganda likikataa kutoka chembani, chemba ndiyo ya kwanza kushukiwa: nta, masizi na madini hujenga ukoko mwembamba humo. Safisha kwa brashi ya shaba nyeusi na kitambaa, pamoja na ndoano ndogo inayovuta ganda. Usifanye kazi hiyo juu ya meza ya chakula. Vumbi la madini ya risasi ni sumu, na huwadhuru watoto zaidi kuliko watu wazima. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika chochote, na vitambaa vilivyotumika visiachwe wanapocheza.

Tahadhari pia na mazoea ya kufyatua bastola tupu nyumbani. Katika bastola nyingi za .22 pini huugonga mdomo wa chemba na kuuchonga, na kijinundu kinachotokea ndicho baadaye huzuia risasi kuingia. Kijitabu kitasema kama yako imetengenezwa kuhimili hilo.

Silaha inapokuwa na kosa kweli

Ikiwa umesafisha, umejaribu aina tatu za risasi na magazini mbili, na daftari bado linaonyesha kukwama kulekule, sasa ni haki kumwona fundi aliyeruhusiwa kisheria kushughulikia silaha. Mpelekee daftari pamoja na bastola. Mweleze kwa maandishi kasoro uliyoiona, bila kumwachia agizo la jumla la kutengeneza. Kataa kupigwa msasa wala kukatwa kitu kabla hujaambiwa sababu, na omba kurudishiwa kila kipuri kilichotolewa. Bastola isiachwe kwake bila hati ya kupokelewa yenye namba ya silaha, tarehe na sahihi.

Kama bastola ilinunuliwa mpya, ipeleke kwanza kwa aliyekuuzia, ukiwa na risiti. Muuzaji aliyekuambia kwamba inafaa kwa risasi za aina fulani, kumbe kijitabu chake kinakataa, hawezi kulitupa kosa kwako: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu bidhaa. Hifadhi boksi tupu la risasi ulizotumia. Namba ya toleo iliyo juu yake ndiyo itakayoonyesha kama kasoro ni ya bastola au ya shehena ya risasi, na bila hiyo maneno yako na ya muuzaji yatakuwa na uzito sawa.